Kimea, Mbeleko na Kadi ya Kliniki

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita Usagara akikusanya alama za machifu kwenye karatasi za mikataba. Februari iliyofuata serikali ya Ujerumani ikaitambua nchi hiyo kuwa chini ya ulinzi wake. Karatasi hizo zimeandikiwa vitabu vingi. Watoto waliozaliwa Usagara mwaka huo waliogeshwa na nani, walilishwa nini walipoota meno, walibaki na nani mama zao walipokwenda kupalilia mtama: hayo yameachwa pembeni, ingawa ndiyo yaliyoamua nani angekua na nani angezikwa kabla hajatambaa.

Kata ya Ulaya, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, iko katikati ya nchi hiyo ya zamani, kwenye njia inayotoka Kilosa mjini kwenda Mikumi. Huko ndiko viliko vijiji vya Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni. Wasagara ndio wenyeji wa kale, Wavidunda wako milimani, Wakaguru kaskazini mwa wilaya, Waluguru ng'ambo ya mashariki. Wote hao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na jambo hilo liligusa malezi moja kwa moja. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake. Bibi mzaa mama ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kichanga, na mjomba ndiye aliyetafutwa kukiwa na ugonjwa mzito au deni la mganga. Baba alikuwa na nafasi yake, lakini chumba cha mzazi hakikuwa chake.

Ndani ya chumba hicho siku za kwanza zilikuwa na utaratibu mkali. Mkunga, kwa kawaida mwanamke mzima aliyezaa na kuzalisha wengi, alikata kitovu na kukifunga. Mama na mtoto walibaki ndani mpaka kitovu kianguke, na katika familia za Kiislamu, ambazo ziliongezeka bondeni pamoja na misafara ya biashara, mpaka arobaini itimie. Mama alikandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wenye pilipili manga, akafungwa mkaja tumboni. Mtoto aliogeshwa maji ya vuguvugu na bibi, akapakwa mafuta, akanyooshwa viungo. Wageni hawakuingia ovyo, na moto haukuzimika.

Mengi ya hayo yalikuwa na faida ambayo muuguzi yeyote wa leo angeitambua: joto kwa mtoto, mapumziko kwa mama, watu wachache wa kuleta maradhi. Mengine yalidhuru. Katika sehemu nyingi za Tanzania kitovu kilipakwa majivu, mafuta au dawa za majani ili kikauke upesi, na pepopunda ya watoto wachanga ilipita mlango huo. Dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za kwanza, akina mama wengi waliyakamua na kuyamwaga kwa kudhani ni machafu, wakampa mtoto maji badala yake. Hivyo mtoto alikosa kinga ya kwanza aliyoandaliwa.

Kulikuwa na jambo gumu zaidi, na historia ya malezi haiwezi kulipita kimya. Mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego, na alihesabiwa mkosi kwa ukoo mzima. Mwanaanthropolojia Mmarekani T. O. Beidelman, aliyeanza kuishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wakaguru mwaka 1957, aliandika kwa kirefu juu ya imani hiyo: zamani watoto wa namna hiyo, pamoja na wengine waliozaliwa kwa namna isiyo ya kawaida, hawakuachwa waishi. Wamisionari wa Kanisa la Uingereza waliofika Mpwapwa na Mamboya katika miaka ya 1870 na 1880, na mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo, walipambana na desturi hiyo. Akina mama walioficha meno ya watoto wao kwa ajili ya kuwaokoa hawana majina katika kumbukumbu yoyote, nao wanastahili heshima ileile.

Mtoto akishatolewa nje, maisha yake yalihamia mgongoni. Mbeleko ya zamani huko bara mara nyingi ilikuwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta. Misafara ilibadilisha hilo. Njia ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilipita nchi hii. Henry Morton Stanley aliivuka mbuga ya Makata, ndani ya Kilosa ya leo, katika masika ya 1871, wapagazi wake wakizama kwenye matope na majora ya merikani na kaniki mabegani. Nguo hizo zililipia chakula na ruhusa ya kupita kila kijiji, na vipande vyake viliishia kwenye viuno vya wanawake na migongo yao. Kabla ya mwisho wa karne hiyo kanga ilikuwa imeshaanza kutoka Zanzibar na Mombasa, na hadi leo hakuna kifaa cha mtoto kinachofanya kazi nyingi kuliko kanga moja iliyochakaa: ni mbeleko, shuka, taulo, nepi na pazia la jua.

Heshima ya kazi hiyo iliwekwa hata katika ndoa. Katika mahari za watu wengi wa pwani na bara yake, mkaja na mbeleko hutajwa kwa majina na kulipwa kwa mama wa bibi harusi: kimoja kwa tumbo lililomzaa, kingine kwa mgongo uliombeba. Huenda wanaolipa siku hizi hutoa noti tu ndani ya bahasha, lakini orodha bado husomwa mbele ya wazee, na mama bado hupokea.

Kanuni iliyotawala miaka miwili ya kwanza kuliko zote ilikuwa ile ya kubemenda. Wazazi waliokutana kimwili mapema mtoto akiwa bado ananyonya, au mmoja wao akatoka nje ya ndoa, waliaminika kumbemenda mtoto: akakonda, akaharisha, akachelewa kutembea. Mtafiti Mara Mabilia aliandika kitabu kizima juu ya imani kama hiyo miongoni mwa Wagogo, majirani wa Kilosa upande wa magharibi, na imani yenyewe inajulikana toka pwani hadi Kilombero. Kama kinga ya uzazi wa karibu karibu ilifanya kazi nzuri. Mtoto alinyonya miaka miwili au zaidi bila mwenzake kumpokonya ziwa, na mama alipata nguvu kabla ya mimba nyingine. Wakati wa kumlikiza, ziwa lilipakwa shubiri, au mtoto alipelekwa kwa bibi akalale huko mpaka asahau.

Lakini kanuni hiyohiyo ilikuwa na ukatili wake. Mtoto akidhoofu kwa njaa, surua au minyoo, lawama iliwaangukia wazazi, hasa mama, na aibu ilimfanya amfiche. Mtoto aliyekuwa mgonjwa kuliko wote kijijini ndiye aliyekuwa wa mwisho kufikishwa kwa mtu wa kumtibu. Wauguzi wa miaka ya baadaye walilazimika kuanza na aibu hiyo kabla hawajagusa mizani.

Reli ya kati ilipita Kilosa ikielekea Dodoma, ambako ilifika mwaka 1910. Nyuma yake yakaja mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, na wafanyakazi kutoka Songea, Njombe, Kigoma na hata Msumbiji. Malezi yaliyotegemea bibi na shangazi yalikutana na kambi ambazo hazikuwa na bibi wala shangazi. Mke wa mkata mkonge alijifungua mbali na mama yake, katika chumba kimoja cha kambi, na jirani yake huenda alikuwa wa kabila asiloelewa lugha yake. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizana mtoto anaharisha nini na dawa ya chango inachemshwaje. Katika miaka ya 1920 Waingereza walianza kuweka wahudumu wa tiba katika zahanati za serikali za mitaa, lakini hao walikuwa wanaume wa kufunga vidonda. Mwanamke mwenye kichanga alikuwa na machache ya kwenda kuwauliza.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Uhuru, na yalikuja kwa redio. Mwaka 1973 serikali ilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya: watu walikusanyika katika vikundi kijijini, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka nyasi. Walitarajiwa washiriki milioni 1. Wakafika takriban milioni 2. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na hapo ndipo sufuria ya uji wa mtoto ilipokuwa jambo la taifa. Katikati ya hizo mbili, sheria ya 1973 ilikuwa imeunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na kuanzia 1974 huduma za mama na mtoto zikaunganishwa: mzazi aliyekuja kumpima mtoto alipata chanjo, ushauri wa chakula na uzazi wa majira mahali pamoja, siku moja. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975.

Pamoja na hayo ikaja kadi. Wazo la kuchora ukuaji wa mtoto kwenye kadi anayoitunza mama mwenyewe lilienezwa na daktari Mwingereza David Morley, kutokana na kazi yake katika kijiji cha Imesi huko Nigeria miaka ya 1950. Tanzania iliichukua na kuipaka rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Mama asiyejua kusoma aliweza kuona nukta ya mwezi huu imepanda au imeshuka. Mizani iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe, mtoto akilia ndani ya kaptura yake ya turubai, ikawa picha ya siku ya kliniki katika maelfu ya vijiji. Upande wa pili wa milima, mkoani Iringa, mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kuanzia 1983 ulifanya upimaji huo kuwa kazi ya vijiji vyenyewe, vijiji 168. Matokeo yalisomwa katika mkutano wa kijiji, na mwanakijiji akaulizwa kwa nini mtoto wa fulani yuko kwenye rangi nyekundu. Aibu ya kubemenda ilipata mpinzani: swali la hadharani juu ya chakula, kazi za mama na maji. Mtindo huo ulisambaa baadaye hadi mikoa mingine, Morogoro ikiwemo.

Kadi ilionyesha jambo moja kila mahali. Mtoto alipanda vizuri miezi ya mwanzo akinyonya, kisha nukta zikalala pale uji ulipoanza.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo. Uji wa unga wa mahindi au mtama ukipikwa mzito haumezeki, na mama huongeza maji mpaka umiminike. Mtoto anashiba maji. Angelazimika kunywa mara nyingi kwa siku ili apate nguvu za kutosha, na mama yuko shamba. Unga wa kopo wenye maziwa familia ya kata ya Ulaya isingeweza kuununua hata kwa wiki moja.

Jibu lilikuwa jikoni tayari. Wanawake wa Morogoro, kama wale wa Ruvuma, wamekuwa wakitengeneza togwa tangu zamani, na siri ya togwa ni kimea. Ulezi au mtama huloweshwa, hufunikwa mpaka uchipue, huanikwa, husagwa. Uji hupikwa mzito, huachwa upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, kisha hutiwa kimea kidogo. Baada ya dakika chache ule uzito unavunjika, uji unakuwa mwepesi bila kuongezwa tone la maji. Ukiachwa usiku kucha unachachuka na kuwa togwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe na Ulf Svanberg wa Sweden walipima jambo hilo maabara na kuchapisha matokeo mwaka 1983: vimeng'enya vya nafaka iliyochipua huvunja wanga, na mtoto anaweza kumeza uji wenye unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile. Kimea cha mtama kilihitaji uangalifu, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu ya sianidi na lazima yaondolewe. Ulezi hauna taabu hiyo.

Uchachu wenyewe ulikuwa na kazi yake. Wilbald Lorri na Svanberg walifuatilia watoto wa vijijini Tanzania na mwaka 1994 wakaeleza kwamba waliozoea uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wasioutumia. Asidi ya togwa huwabana vijidudu ambavyo hustawi katika uji wa asubuhi uliobaki mpaka jioni kwenye joto. Mama anayeacha chakula cha siku nzima na bibi, asiye na jokofu wala muda wa kuchemsha upya, alikuwa ameshapata njia ya kukihifadhi. Hapa ndipo penye fahari kubwa ya historia hii, na ni huzuni kwamba mabinti wengi waliozaliwa baada ya hapo walifundishwa kliniki uji wa lishe wa kila aina, lakini hawakuelezwa kwamba maarifa ya bibi yao yaliwahi kupimwa na kuthibitishwa.

Homa ilikuwa na hadithi tofauti. Bonde la Mkondoa na mbuga za Mikumi ni nchi ya mbu, na malaria kali ya watoto huleta degedege. Kwa wazee degedege haikuwa malaria hata kidogo: ulikuwa ugonjwa wa mizimu na shetani, na sindano ya hospitali iliaminika kumuua mtoto aliyekwisha kukakamaa. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa 1996 ulirekodi tiba za kwanza za nyumbani: mtoto hupanguswa kwa mkojo au kufukizwa kwa moshi wa kinyesi cha tembo. Saa zilizopotea hapo zilikuwa saa za kufa na kupona. Hospitali, kama ile ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, zilipokea watoto wakiwa wamechelewa, baadhi yao wakafariki, na vifo hivyo vikathibitisha imani kwamba hospitali haiwezi degedege.

Kilichoanza kukata mnyororo huo ni chandarua. Kusini ya Mikumi, ukishavuka Kidatu, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa Ifakara walianza mwaka 1997 kueneza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu, vikiuzwa madukani kwa bei nafuu. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa chandarua kilichotiwa dawa kiliongeza uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Mwaka 2004 serikali ikaanza Hati Punguzo kwa wajawazito. Hapo kliniki na kitanda cha mtoto viliunganishwa: mama alikwenda kupima mimba, akarudi na hati ya chandarua. Shida iliyobaki ilikuwa shambani. Masika, familia huhamia kwenye vibanda vya mashamba kulinda mahindi na mpunga dhidi ya ngedere na nguruwe, na karibu na hifadhi hata tembo. Huko mtoto hulala chini ya paa la nyasi, mbali na kliniki.

Mwangalizi wake huko mara nyingi alikuwa mtoto mwenzake. Msichana wa miaka saba au minane alifungwa kichanga mgongoni asubuhi, akacheza naye, akamlisha, akamlaza. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 elimu ya msingi kwa wote iliwaingiza walezi hao wadogo darasani, jambo jema lililoacha pengo ambalo halikujazwa. Vijiji vya ujamaa vilianzisha vituo vya kulelea watoto mchana, Umoja wa Wanawake ukivisukuma, na mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo hivyo. Vingi vilikosa chakula na walimu, vikafifia pamoja na uchumi wa miaka hiyo. Mzigo ukarudi kwa bibi, ambaye safari hii naye alikuwa akilima.

Hesabu za taifa zinaonyesha umbali uliotembewa. Katika utafiti wa 1999 watoto 147 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya miaka mitano. Katika ule wa 2022 walikuwa 43. Chanjo za nimonia na kuhara, zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2013, zimo ndani ya hesabu hiyo, na matone ya vitamini A pia. Udumavu umepungua polepole zaidi: asilimia 42 ya watoto mwaka 2010, asilimia 30 mwaka 2022.

Ushauri nao umekuwa ukibadilika, na hilo limeleta mabishano ndani ya nyumba. Bibi aliyezaa miaka ya 1990 aliambiwa na muuguzi aanze uji kati ya mwezi wa nne na wa sita. Binti yake anaambiwa ziwa peke yake, bila hata maji, mpaka miezi sita itimie, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lilifanya hivyo kuwa mwongozo wake mwaka 2001. Wote wawili wanamnukuu muuguzi, na kichanga kinalia katikati yao.

Siku hizi sokoni Kilosa na Mikumi unga wa lishe huuzwa katika mifuko midogo: mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga vimesagwa pamoja. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufa kwa sumukuvu iliyotoka kwenye mahindi, na tangu hapo wataalamu wa lishe wamekuwa wakikazania kwamba mchanganyiko wa namna hiyo ni hatari kwa mtoto, maana karanga hushika ukungu upesi na huuharibu unga wote. Mama anashauriwa aanike nafaka juu ya turubai na si ardhini, achague karanga moja moja na kutupa zilizosinyaa au kubadilika rangi, azisage kidogo za siku chache, na kuzitia ndani ya uji wakati wa kupika.